Tajiri Aliyefukuzwa Kwao: Kisa cha Ukoo wa Kallstadt

Februari 1905 serikali ya Ufalme wa Bavaria, mmoja wa falme zilizounda Ujerumani ya wakati ule, ilimpa mwanamume mmoja wa miaka 35 wiki nane awe ameondoka nchini. Hakuwa mwizi wala mchochezi wa siasa. Alikuwa amerudi kijijini alikozaliwa, pamoja na mke wa kijiji hichohicho, mtoto mchanga, na akiba ya marki 80,000, katika zama ambazo mfanyakazi wa kawaida wa kiwandani hakufikisha marki 1,000 kwa mwaka. Kijiji kinaitwa Kallstadt, na mtu mwenyewe ni Friedrich Trump.

Siku hizi kisa hiki husimuliwa kwa sababu ya mjukuu wake aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na kila upande wa siasa hukata mnofu unaoutaka. Mimi mjukuu namweka kando. Akiondoka yeye, tunabaki na ukoo wa wakulima wadogo wa zabibu ambao nyaraka zao zimechimbuliwa kuliko za koo nyingi za aina yao. Ndani ya nyaraka hizo yanaonekana mambo mawili yaliyowapangia maisha watu wa vijijini kusini-magharibi mwa Ujerumani: namna ardhi ilivyorithiwa, na namna dola ilivyowahesabu vijana wa kiume. Friedrich alitolewa kijijini mara mbili. Mara ya kwanza alitolewa na mirathi, mara ya pili na rejista ya jeshi. Bidii yake, tamaa yake na ujanja wake, ambavyo ndivyo hupewa nafasi kubwa katika masimulizi, vilifanya kazi katikati ya hayo mawili.

Kallstadt iko katika jimbo la Pfalz, magharibi ya mto Rhine, karibu na mji wa Bad Dürkheim. Ni nchi ya divai. Vilima vya msitu viko upande wa magharibi, na miteremko inayoelekea bondeni imejaa mizabibu safu kwa safu. Wakati wa utoto wa Friedrich kijiji kilikuwa na watu wapatao 1,000, na hata leo hakijaongezeka sana. Ukoo wake ulikuwa hapo tangu enzi ambazo makarani waliandika jina kwa tahajia yoyote iliyowajia, lakini alipozaliwa yeye, tarehe 14 Machi 1869, lilikuwa limeshatulia kuwa Trump.

Ukulima wa zabibu katika nchi ile haukuwahi kuwa wa raha. Vita vya Miaka Thelathini, kuanzia 1618 hadi 1648, viliikausha Pfalz watu. Kisha mwaka 1689 majeshi ya mfalme Louis XIV wa Ufaransa yakateketeza Heidelberg, Mannheim, Speyer na Worms, pamoja na vijiji na miji midogo ya katikati. Mwaka 1709, baada ya baridi kali iliyoua mizabibu, maelfu ya watu wa eneo hilo walishuka mto Rhine hadi Uholanzi na kuvuka kwenda London, wakitumaini kupelekwa Amerika. Waliofika London walikuwa kama 13,000. Kwa hiyo katika vijiji hivi safari ya ng'ambo ilikuwa njia inayojulikana, yenye majina ya watu waliotangulia.

Jambo lililoendelea kuwasukuma watu nje hata wakati wa amani ni mirathi. Kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, na katika sehemu kubwa ya Bavaria yenyewe, shamba lilikwenda kwa mrithi mmoja. Ndugu zake walipewa fidia kidogo, wakabaki kuwa vibarua kwa ndugu yao, au wakaondoka. Pfalz ilikuwa kinyume. Desturi ya kugawana sawa ilikuwapo tangu zamani, na Wafaransa walipoitawala kingo ya kushoto ya Rhine mwishoni mwa karne ya 18 wakaleta sheria zao za kiraia, zilizowapa watoto wote, wa kike kwa wa kiume, haki sawa ya mali ya wazazi. Mwaka 1816 Pfalz ikawekwa chini ya Bavaria, lakini sheria hizo za Kifaransa zikaachwa zifanye kazi mpaka Ujerumani nzima ilipopata sheria moja ya kiraia tarehe 1 Januari 1900.

Kwa haki ya mtoto mmoja mmoja, utaratibu huo ni mzuri. Kwa shamba ni balaa. Chukua wazazi wenye watoto sita, kama walivyokuwa wazazi wa Friedrich. Kila mmoja akipata fungu lake, kisha naye akazaa sita, kipande kimoja kimekuwa 36 ndani ya vizazi viwili. Safu chache za mizabibu hapa, nyingine kule ng'ambo ya kijiji, na mkulima anapoteza nusu siku akitembea na majembe. Kilichozuia hesabu hiyo isifike mwisho kilikuwa ni kifo cha watoto wachanga, kuhama, na ndoa. Mke alikuja na fungu lake, likaunganishwa na la mume, na kwa namna hiyo kizazi kipya kilijenga upya kile ambacho kizazi kilichotangulia kilikuwa kimekimega. Ndiyo maana kuchagua mchumba katika kijiji cha zabibu kulihusu ardhi kabla hakujahusu mapenzi. Msomaji aweke hilo akilini, litarudi.

Matokeo mengine ni kwamba karibu kila nyumba ilihitaji kazi ya pili. Mkulima wa zabibu alikuwa pia mtengeneza mapipa, fundi viatu, mwuza duka. Na kwa wale ambao hata kazi ya pili haikuwatosha, kulikuwa na bandari. Mwaka 1840 kijana wa Kallstadt aitwaye Johann Heinrich Heinz alihamia Pennsylvania, akafyatua matofali karibu na Pittsburgh. Mama yake alikuwa mtoto wa ukoo wa Trump. Mwanawe, Henry J. Heinz, ndiye aliyeanzisha kampuni ya vyakula vya chupa na makopo ambayo jina lake liko katika maduka ya dunia nzima. Koo mbili mashuhuri za Marekani kutoka kijiji cha watu 1,000 si muujiza wa damu. Kijiji kilikuwa kikisafirisha watoto wake nje mfululizo, na katika msafara mrefu namna hiyo wachache hufika mbali. Walioishia kuwa vibarua huko hawaandikiwi chochote.

Baba yake Friedrich, Johannes Trump, aliugua mapafu kwa karibu miaka kumi. Mgonjwa wa pumzi hawezi kupanda mteremko akiwa na mzigo mgongoni, na mizabibu ni kazi ya miteremko. Alifariki tarehe 6 Julai 1877 akiwa na miaka 48, akamwachia mkewe Katharina watoto sita na madeni ya matibabu. Hapa inafaa kutaja tarehe moja. Sheria maarufu ya bima ya afya ya Bismarck, kansela wa Ujerumani, ilipitishwa mwaka 1883, miaka sita baada ya kifo hicho, na hata hivyo iliwalenga wafanyakazi wa viwanda na karakana. Mkulima mwenye kishamba chake alihesabiwa kuwa mtu wa kujitegemea. Bima ya lazima ya afya kwa wakulima wa Ujerumani Magharibi ilikuja mwaka 1972. Kwa karibu miaka mia moja, ugonjwa mrefu wa baba katika nyumba ya mkulima mdogo ulilipwa na kitu kimoja tu, nacho ni ardhi au deni juu ya ardhi.

Katharina alifanya alichokiweza. Watoto wanne waliingia mizabibuni. Friedrich alionekana dhaifu kwa kazi hiyo, hivyo mwaka 1883, akiwa na miaka 14, alipelekwa mji wa Frankenthal kujifunza ukinyozi. Huko alifanya kazi siku saba za wiki kwa miaka miwili na nusu. Ninauona huu kuwa uamuzi mkubwa kuliko wote katika historia ya ukoo, na ulifanywa na mjane. Alimpa mwanawe ujuzi unaobebeka. Shamba halihami, lakini wembe unaingia mfukoni. Tena kwa kumwondoa mtoto mmoja kwenye mizabibu, alipunguza midomo na kupunguza pia idadi ya mikono itakayodai kipande baadaye.

Aliporudi, Kallstadt haikuwa na vichwa vya kumlisha kinyozi mwingine. Alikuwa na dada New York, Katharina, jina moja na mama yao. Alikuwa pia na siku zinazomkimbiza. Kila mwanamume wa Kijerumani aliingia katika hesabu ya jeshi anapotimiza miaka 17, na akifika 20 aliitwa kutumikia, kwa wakati ule miaka mitatu. Oktoba 1885 Friedrich, miezi mitano kabla ya kutimiza 17, alipanda meli ya Eider kule Bremen, akashuka New York tarehe 19 mwezi huo. Kumbukumbu ya familia inasema aliondoka usiku na kumwachia mama yake kikaratasi. Yeye mwenyewe baadaye alisema walikubaliana na mama yake. Naamini zaidi maneno yake, kwa sababu nauli ya meli haiokotwi njiani, ingawa kikaratasi cha usiku kinapendeza zaidi masikioni.

Tuichunguze miezi hiyo mitano. Sheria ya uraia ya mwaka 1870 iliruhusu Mjerumani kuomba kufunguliwa uraia ili ahame. Kijana wa kati ya miaka 17 na 25 alihitaji cheti cha kuthibitisha kwamba hakimbii jeshi. Aliye chini ya 17 hakuwa na kizuizi hicho. Maana yake ni kwamba Friedrich, kwa idhini ya mlezi, angeweza kwenda ofisini, akasaini, akaondoka mchana kweupe akiwa safi kisheria. Hakufanya hivyo. Huenda hakuna aliyemwambia. Huenda kulikuwa na ada ambayo nyumba yenye madeni haikutaka kuilipa. Huenda pia, na ndivyo nionavyo, watu wa kijiji waliokuwa wakihama kwa vizazi hawakuona sababu ya kuomba ruhusa. Mwaka uliofuata, 1886, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Bavaria ilitoa agizo la kuwanyima uraia waliohamia Amerika ya Kaskazini kukwepa jeshi. Agizo hilo ndilo lililomngoja miaka 19.

Serikali ilikuwa na wasiwasi wake. Mwaka 1881 pekee zaidi ya Wajerumani 200,000 walihamia ng'ambo, wengi wao Marekani, na wapiga debe wa ukoloni walidai watu hao wanapotea bure, kwamba Ujerumani ikipata makoloni yake wataendelea kuwa Wajerumani. Februari 1885, miezi michache kabla ya Friedrich kupanda meli, Bismarck alikubali hati ya ulinzi kwa ajili ya maeneo ambayo Carl Peters alidai kuyapata bara, mkabala wa Zanzibar. Huo ndio mwanzo wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Basi tazama hesabu: mwaka 1913, karibu miaka thelathini baadaye, Wazungu wote katika koloni hilo walikuwa kama 5,300, wakiwemo maofisa, askari na wamisionari. Watoto wa mizabibuni hawakuja. Walikwenda kwa dada, mjomba na shemeji waliotangulia, na hao walikuwa New York na Pennsylvania.

Miaka yake ya Marekani nitaipitia haraka, kwa kuwa imesimuliwa kupita kiasi. Alinyoa watu New York kwa miaka sita. Mwaka 1891 akaenda Seattle akanunua mgahawa, na mwaka 1892 akapata uraia wa Marekani. Akajaribu mji wa machimbo wa Monte Cristo. Dhahabu ilipovuma katika eneo la Klondike, kaskazini-magharibi mwa Kanada, aliwafuata wachimbaji akiwa na mwenzake, wakafungua hoteli na mgahawa pale Bennett, kisha Whitehorse. Dhahabu yake ilikuwa ni sahani, chupa na vitanda vya watu wengine. Mwaka 1901, polisi walipoanza kubana pombe na kamari, aliuza fungu lake akaondoka. Kwa maoni yangu hapo ndipo anapoonekana mtoto wa nyumba yenye madeni: anajua kutoka kabla hesabu haijageuka.

Kisha akarudi Kallstadt kutafuta mke. Angeweza kuoa binti wa Kijerumani New York, walikuwa maelfu. Alimchagua Elisabeth Christ, binti wa jirani, mdogo wake kwa miaka 11. Mama yake hakufurahi. Baba wa Elisabeth alikuwa fundi wa kutengeneza na kung'arisha vyombo huku akilima zabibu kidogo, na Katharina aliiona nyumba hiyo kuwa chini ya yake. Kumbuka habari ya ndoa na ardhi. Mjane aliyehangaika miaka yote kushikilia mizabibu alimpima mkwe kwa kipimo cha kijiji: analeta nini? Mwanawe alikuwa na fedha za kutosha kutomhitaji mkwe mwenye fungu, na kwa hiyo alikuwa mtu wa kwanza katika mstari wake kuoa bila kupiga hesabu ya safu za mizabibu. Walioana Agosti 1902, wakaenda New York, na Aprili 1904 akazaliwa binti.

Elisabeth hakuizoea New York. Alipatwa na ukiwa wa kwao uliomnyong'onyesha kiasi kwamba, kabla mtoto hajafikisha miezi mitatu, walikuwa tena Kallstadt. Friedrich aliweka fedha zake huko, ishara kwamba hakuja kutembea. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ngamani. Maofisa wa Bavaria walikuwa na agizo la mwaka 1886 lililosema kinyume chake.

Tarehe 24 Desemba 1904, mkesha wa Krismasi, ilitangazwa kwamba suala lake linachunguzwa. Walichokiona wachunguzi ni hiki: mtu aliondoka akiwa na miaka 16 bila kuandikishwa, akawa ng'ambo miaka yote ambayo wenzake walitumikia jeshi, na sasa amerudi akiwa na miaka 35, umri ambao jeshi halina haja naye tena. Kwa macho ya ofisi, hesabu hiyo ilikuwa safi mno isiwe ya makusudi. Mimi siamini kwamba alipanga kurudi kwa tarehe. Aliyerudi hasa ni Elisabeth na ukiwa wake. Lakini rejista haina safu ya kuandika ukiwa. Mkataba kati ya Bavaria na Marekani wa mwaka 1868 uliwatambua waliopata uraia wa Marekani kuwa Wamarekani. Mmarekani ni mgeni, na mgeni huambiwa aondoke.

Aliandika maombi kwa miezi kadhaa. Barua moja aliielekeza kwa Luitpold, aliyekuwa akitawala Bavaria kwa niaba ya mfalme Otto aliyekuwa mgonjwa wa akili. Inasomeka kwa unyenyekevu mwingi: wazazi wake walikuwa watu waaminifu na wacha Mungu wa kazi ya mizabibu, amri ile imewashukia kama radi wakati wa anga safi, mkewe ameingiwa na hofu, mtoto ameugua. Haikusaidia. Mwishoni mwa Juni 1905 walipanda meli tena, Elisabeth akiwa na mimba. Oktoba mwaka huo akazaliwa New York mtoto wa kiume, Fred.

Je, serikali ilikosea? Kwa sheria zake, sioni kosa. Kama Bavaria ingemruhusu abaki, kila kijana wa Pfalz mwenye shangazi Pennsylvania angejua kwamba miaka ya jeshi inaweza kuepukwa kwa tiketi ya meli, kisha kurudi kutafuna akiba. Waliobaki walivaa sare, wakarudi, wakagawana mashamba yanayozidi kuwa madogo. Wao nao walikuwa na haki ya kuuliza. Kwa upande wa uchumi wa kijiji, hata hivyo, uamuzi ulikuwa hasara tupu. Mtaji wa marki 80,000 mikononi mwa mtu anayejua biashara ya chakula na malazi, katika nchi ya divai, ungeweza kununua vipande vingi vilivyotawanyika na kuviunganisha, kazi ambayo ndoa za kijiji zilikuwa zikiifanya polepole kwa vizazi. Jeshi lilishinda hoja dhidi ya mizabibu. Bavaria ya mwaka 1905 isingeweza kuamua vingine.

New York, Friedrich alifanya kile ambacho kijiji kilimfundisha kukithamini: alinunua ardhi. Alipofariki ghafla Mei 1918, katika wimbi la mwanzo la homa ya mafua iliyozunguka dunia, aliacha nyumba katika eneo la Queens mjini humo, viwanja vitano vitupu, akiba, hisa, na rehani 14 alizowakopesha watu, jumla kama dola 31,000. Kwa mara nyingine ukoo ulibaki na mjane. Elisabeth, yule ambaye mama mkwe alimwona hana cha kuleta, ndiye aliyeviendeleza viwanja. Alimweka mwanawe Fred kwenye ujenzi mapema, na kampuni ikaitwa E. Trump & Son. Herufi ya kwanza ni yake, kwani mwana hakuwa na umri wa kusaini hundi biashara ilipoanza. Aliishi mpaka 1966, Marekani, mahali ambapo hakutaka kukaa. Watafiti wa ukoo huu hupenda kuuanzia kwa Friedrich na hoteli zake. Mimi naona uti wa mgongo wake ni wajane wawili wa Kallstadt, mmoja aliyemtoa mtoto shambani na mwingine aliyemwingiza kwenye viwanja.

Kizazi kilichofuata kilifanya jambo la ajabu na kumbukumbu zake. Tangu miaka ya Vita Kuu ya Pili, Fred, aliyekuwa na wapangaji na wateja wengi Wayahudi, alisema asili yao ni Uswidi. Madai hayo yaliingia hata katika kitabu kilichotoka mwaka 1987 kwa jina la mwanawe, yule mjukuu aliyekuja kuwa rais. Wakati huohuo vitabu vya kanisa la Kallstadt vilikuwa na majina yote, ubatizo kwa ubatizo, na barua kwa Luitpold ilikuwa katika nyaraka za serikali. Mwanahistoria Roland Paul, mtafiti wa uhamaji wa watu wa Pfalz, ndiye aliyeifukua amri ya mwaka 1905, na maombi ya Friedrich yakajulikana na umma mwaka 2016. Kallstadt kwenyewe hawakuhitaji kuambiwa: majina ya Trump na Christ yapo mpaka leo kwenye mawe ya makaburi ya kijiji, na divai bado inauzwa njiani.